Maua ya verbena mbele ya darasa letu

Tangu mwezi wa kumi na mbili mwaka 2024 watu wengi wananisimamisha njiani kuniuliza jina la yale maua madogo ya rangi nyekundu na ya zambarau yaliyo mbele ya darasa langu. Wengine wanauliza kama ni dawa. Wengine wanauliza kama yanauzwa. Kujibu mmoja mmoja imekuwa kazi kubwa, basi nimeomba nafasi katika gazeti letu nijibu wote pamoja.

Jina lake ni verbena. Kwa Kifaransa wanasema verveine, na ndivyo ilivyoandikwa kwenye paketi. Paketi yenyewe niliachiwa na mama mmoja mgeni aliyetembelea shule yetu, na zilikuwa tatu: moja ya zinia, moja ya tagetesi, ile ya njano yenye harufu kali, na hiyo ya verbena. Alisema, "Mwalimu, fanya unavyoona." Basi, nikafanya.

Zinia na tagetesi sitazisema sana. Ukizitupa chini zinaota, hata kuku akizichakura zinaota. Siku ya tano watoto walikuwa wanahesabu majani. Verbena ni jambo lingine kabisa. Mbegu yake ni ndogo, nyembamba kama kipande cha njiti ya kiberiti kilichokatwa na kisu, na haina haraka. Inaweza kukaa wiki mbili, tatu, hata nne chini ya udongo bila kuonyesha kitu. Tena haipendi mwanga wakati wa kuota. Mbegu nyingi ndogo tunaziacha juu juu zione jua, lakini hii inataka giza. Na haipendi maji mengi. Udongo unamwagiwa jana, unaachwa unywe na kuchuja, ndipo leo mbegu inasiwa, inafunikwa na udongo mwembamba, halafu hupeleki tena maji mpaka uguse na kidole uone umeanza kukauka.

Nilichukua mikebe miwili ya mafuta ya kupikia, ile ya mgawo, nikaitoboa chini kwa msumari matundu saba saba. Udongo wetu wa hapa Nyarugusu mnaujua, ni mwekundu, ukiloa unashikana kama wa kufyatulia matofali. Nikauchanganya na mchanga wa kijitoni, sehemu moja kwa moja, na samadi kidogo ya mbuzi iliyokaa muda mrefu mpaka haina harufu. Nikasia mbegu kama arobaini, nikafunika mikebe na katoni, nikaiweka katika kona ya darasa. Hiyo ilikuwa Septemba 2024, wiki ya kwanza ya masomo.

Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Watoto wa darasa la nne wana mdomo, mnawajua, ni wenu. Mmoja alisema mwalimu amezika mbegu, hakupanda. Wakacheka mpaka nikashindwa kuendelea na hesabu. Mwalimu mwenzangu akaniambia nizimwage nipande mchicha katika mikebe ile, angalau tule. Siku ya kumi na tisa nilifunua katoni nikaona kijani kidogo sana, kama uzi. Mpaka mwisho wa mwezi miche ikawa kumi na moja. Katika mbegu arobaini, kumi na moja! Baadaye nimejifunza kwamba hiyo si aibu, verbena ndivyo ilivyo, hata kwa watu wenye vitalu vya kisasa inaota kwa kusuasua.

Ikishaota, giza linaisha. Lazima itolewe siku hiyo hiyo kwenye mwanga, kama sivyo shingo inarefuka inaanguka. Miwili ilikufa kwa kinyausi, ule ugonjwa unaolegeza mche pale unapotokea ardhini, unaukuta asubuhi umelala kama mtu aliyechoka. Unakuja kwa unyevu. Tukabaki na tisa.

Sasa nije kwenye mambo ya maji, maana hapo ndipo palipoleta maneno.

Mama mmoja wa mtaa wetu, ambaye nawafundisha watoto wake wawili, alinijia nyumbani jioni. Ni mtu ninayemheshimu, alikuwa anaimba pamoja na mama yangu. Hakukaa kwenye kiti nilichompa. Alisema, "Mwalimu, juu ya nini watoto wetu wanabeba maji kwenda kumwangilia maua? Maua tutayakula? Mimi naamka alfajiri kupanga bidoni kwenye bomba, na mtoto anatoka na chupa anasema ni ya mwalimu."

Ndugu zangu, hilo ni neno la kweli na silipingi. Kipimo kinachotajwa siku zote ni lita 20 kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa, kupika, kuoga na kufua, na kila mama anajua siku ambazo bomba halikufika hapo. Mtoto akichukua nusu lita nyumbani ni nusu lita imetoka katika sufuria. Siku iliyofuata niliwaambia watoto kwamba hakuna kuleta maji kutoka nyumbani, hata tone. Tukahamisha kitalu. Pale nje ya vyoo vya shule kuna ndoo ya kunawia mikono, na maji yake yalikuwa yanamwagika chini na kufanya tope, nzi wanashangilia. Tukaweka beseni chini ya ndoo. Maji yale ya kunawia, yenye sabuni kidogo tu, yanafaa kwa maua. Yenye sabuni nyingi ya kufulia hayafai, na yaliyotiwa klorini nyingi hayafai. Beseni moja kila asubuhi lilitosha miche yote tisa, na tope likakoma.

Nilimwita yule mama aje aone mwenyewe. Alikuja, akaangalia beseni, akaangalia maua ambayo wakati huo hayajachanua, akasema, "Sawa. Lakini mchicha ungekuwa bora." Akaenda zake. Nami nasema wazi, kama una nafasi moja tu ya bustani na watoto wanakula mara moja kwa siku, panda mchicha, panda matembele, panda nyanya. Verbena ipate pembeni, ipate mkebe. Haitaki nafasi kubwa, na haipendi samadi nyingi, maana ukiilisha sana inatoa majani tu na maua inasahau.

Kwa wale wanaotaka kuitunza, nawaeleza niliyoyaona. Inataka jua, saa sita au zaidi kwa siku. Chini ya mwembe usihangaike, itarefuka bila maua. Miche tuliihamisha Novemba, mvua zilipokuwa zimekolea, tukaacha nafasi ya sentimita 30 hivi kati ya mmoja na mwingine ili upepo upite. Watu wa kambi tunapenda kubananisha vitu, kwa kuwa hata sisi tumebanana, lakini verbena ikibanana wakati wa mvua inapata ubwiri unga, yaani yale madoa meupe juu ya jani kama mtu amemwaga unga wa sembe. Ukiona, ng'oa majani yale, uyapeleke mbali, na maji uyapeleke kwenye shina, usimwage juu ya majani, tena iwe asubuhi. Wakati wa kiangazi shida inakuwa nyingine, utitiri mwekundu, vidudu vidogo mno upande wa chini wa jani. Jani linakuwa na vidoa vya njano. Hao nawaosha kwa kitambaa na maji ya sabuni kidogo.

Mche ukifika urefu wa kidole, kata ncha yake kwa kucha. Watoto walilia niliposema hivyo! Walidhani naiua. Lakini ukikata ncha, yanatoka matawi mawili pale chini, na ukiyakata tena yanakuwa manne. Usipokata unapata kamba moja ndefu yenye ua moja mwishoni. Na kila kichala cha maua kikikauka kitoe, la sivyo mmea unashughulika na mbegu na kuacha kuchanua. Ikichoka kabisa punguza theluthi moja ya matawi yote, uipe maji, baada ya wiki chache inaanza upya.

Yetu ilianza kuchanua katikati ya Desemba, miezi mitatu hivi tangu kusia. Vichala vidogo vya duara, kila ua lina petali tano, mengine yana jicho jeupe katikati. Vipepeo walikuja wengi mpaka somo la sayansi likajifundisha lenyewe.

Hapa niseme jambo la usalama, wazazi mnisikilize vizuri. Kuna watu walitaka kuchemsha majani kama chai kwa sababu walikunywa verveine kule Kongo kwenye misheni. Ile ya chai ni kichaka kingine, kirefu, majani yake yananuka ndimu ukiyasugua, na asili yake ni Amerika ya Kusini. Tena wengine wanaichanganya na mchaichai, ambao ni nyasi tu. Hii yetu ni ya kuangalia, nayo asili yake ni huko huko Amerika ya Kusini, lakini haina harufu ya ndimu na si ya chai. Halafu kuna ndugu yake mmoja wa ukoo huo huo wa mimea ambaye mnamwona kila mahali kandokando ya barabara, kile kichaka chenye maua ya njano na pinki pamoja, majani yanakwaruza na kunuka ukiyapasua. Wataalamu wanakiita lantana. Watoto wanakula matunda yake yakiwa meusi. Yakiwa mabichi, ya kijani, yana sumu, yanaweza kumuumiza mtoto vibaya, na majani yake ni sumu kwa mbuzi na ng'ombe. Wafundisheni watoto.

Nyumbani kwetu pia nilitaka kupanda. Hapo ilibidi nizungumze na baba.

Mimi nina miaka 26, nimezaliwa hapa hapa kambini. Wazazi wangu walitoka upande wa Fizi wakati wa vita vya 1996. Baba yangu hajapanda mti wowote tangu alipofika. Siyo kwamba ni mvivu, ukimwona na jembe utashangaa. Anasema mti unakufunga. Ukipanda mwembe umesema kwamba utakaa. Jirani yetu alipanda wake mwaka 1998, watu wakamcheka, na sisi tumekula maembe yake utoto wetu wote, kwa kuomba. Mama husema neno hilo mara moja kwa mwaka, msimu wa maembe, halafu ananyamaza. Kule Baraka, anasema, mbele ya nyumba yao palikuwa na maua mengi, na jina lake hakuwahi kulijua, yalikuwepo tu.

Nikamwambia baba kwamba verbena haiishi muda mrefu. Mwaka mmoja, miwili, ikitunzwa sana mitatu, inazeeka, inakufa. Alifikiri. Akauliza, "Mizizi yake inafika wapi?" Nikamwonyesha kwa mkono, hapa. Akasema, "Hiyo haina neno. Hiyo panda." Na yeye mwenyewe ndiye anayeitoa vichala vikavu kila asubuhi, kabla ya kunawa uso. Nikimtania ananiambia niende shule.

Katika miche ile tisa, mitano ilibaki mbele ya darasa, na minne tuliipigia kura kwa karatasi watoto waende nayo nyumbani. Mmoja aliyepata ni mvulana wa miaka kumi na moja ambaye jina lake silitaji. Ndiye yule aliyesema nimezika mbegu. Alipopata mche alibadilika, akawa mkali kama askari. Akiona mtoto anagusa maua ya shule anapiga kelele. Wake aliuweka katika mkebe juu ya paa la jiko ili mbuzi wasiufikie.

Januari 2025 familia yao iliona jina lake kwenye ubao wa matangazo. Walikuwa wamesubiri miaka minane, wamefanya mahojiano, wamepimwa kifua, wamerudia mahojiano. Sasa tarehe ya safari ikatoka. Mnajua jinsi inavyokuwa. Walianza kuuza. Sufuria, kuku, meza, baiskeli ya baba yake, mpaka vitanda. Majirani walinunua na wengine walipewa bure.

Yule mvulana alikuja kwangu na mkebe wake. Hakutaka kuuza. Alitaka marafiki wake sita wapate wote, na mmea ni mmoja. Basi nikamfundisha vipandikizi. Unachagua ncha ya tawi isiyo na ua, unakata urefu wa kidole cha kati, chini kidogo ya kifundo ambapo majani yanatokea. Unatoa majani ya chini, unaacha mawili au manne ya juu. Unachomeka katika mchanga uliochanganywa na udongo, uliolowa bila kutiririka, unaweka kivulini. Wiki mbili mpaka nne mizizi inatoka. Ukivuta taratibu na kinakataa, kimeshika. Hata matawi yanayotambaa chini yakigusa udongo yanaweza kutoa mizizi yenyewe, na hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote. Tulikata sita. Kila rafiki alikuja na mkebe au chupa iliyokatwa. Mmea wenyewe, mama wa vyote, ukabaki na matawi machache, akampa bibi wa nyumba ya jirani.

Mwisho wa mwezi huo huo safari zote za kwenda nchi ile zilisimamishwa. Wao walikuwa wamebakiza siku chache. Wengi wenu mlikuwa katika orodha zile, sina haja ya kuwaeleza usiku wa siku ile ulikuwaje.

Walikaa katika nyumba tupu. Majirani walianza kurudisha vitu, na hapo nilishuhudia jambo ambalo sitalisahau. Sufuria zilirudi bila mtu kudai fedha. Baiskeli haikurudi, ilikuwa imeshauzwa mbali. Mtoto hakuja shule wiki mbili. Nilikwenda kumwona, alikuwa amelala kwenye mkeka mchana, ameangalia ukuta. Nilikaa kidogo na mama yake tukazungumza habari za mgawo wa sabuni, halafu nikaondoka. Sikuwa na maneno, na ninaona aibu kwa watu wenye maneno mengi katika saa kama ile.

Wiki ya tatu alirudi. Hakuingia darasani moja kwa moja. Alipita kwanza nyumba kwa nyumba kwa marafiki wake sita kukagua mikebe. Vinne vilikuwa vimeshika. Kimoja kililiwa na kuku. Cha sita kilikuwa kimeoza, na pale ndipo nilipomsikia tangu mbali, sauti yake ile ile: "Umeiua na maji! Mwalimu alisema usimwage, wewe umeinywesha kama ng'ombe!" Yule rafiki alijibu kwamba aliogopa ingekauka kabla ya yeye kufika huko. Wakatazamana. Halafu wakacheka, lakini si sana.

Bibi jirani alitaka kumrudishia mmea wake. Alikataa, akasema kitu kilichopewa kimepewa, lakini kila jioni anakwenda kwa bibi kuutoa vichala. Kwake amepanda kingine kutoka mkebe wa rafiki. Niliuona wiki iliyopita, ni wa zambarau, umejaza mkebe wote na unashuka pembeni.

Kuna waliouliza habari za mbegu. Mnaweza kukusanya, vichala vikikauka na kuwa kahawia ukivisugua mbegu zinatoka. Lakini za paketi mara nyingi ni chotara, watoto wake wanatoka rangi tofauti na mama. Ukitaka rangi ile ile, chukua kipandikizi. Nao wanaofikiria kurudi nyumbani, msibebe udongo na mimea mpakani, mtasumbuliwa bure.

Mwezi huu nitapunguza matawi ya maua ya shule, na yatakayokatwa yanatosha nyumba thelathini hivi. Anayetaka aje Jumamosi ya pili ya mwezi, saa mbili asubuhi, pale kwenye ndoo ya kunawia. Kila mtu aje na mkebe wake au chupa yake, na uwe umeshatobolewa kabisa nyumbani, maana msumari ninao mmoja tu na umeshapinda.